Mwaka Niliovisha Maua Shela

Kwetu Kigali mazishi hayaishii makaburini. Mkishamfukia mtu wenu mnakwenda gukaraba, kunawa mikono. Mlangoni pa ukumbi mnakuta mabeseni, madumu ya maji na sabuni, mnanawa, mnakaa kwenye viti vya plastiki, mnapewa soda au bia, na wenye maneno wanasema maneno yao juu ya marehemu. Siku tuliyomzika Daktari Anselme nilinawa kama wengine, nikakaa safu ya nne, nikapokea Fanta ambayo sikuwa na haja nayo. Msemaji wa tatu alikuwa Beata. Hilo si jina lake. Nimembadilishia, na ndiyo adabu ya mwisho atakayoipata kwangu. Alikuwa ametua asubuhi ile kutoka ng'ambo anakofundisha chuo kikuu, na suti yake ilikuwa bado na mikunjo ya sandukuni. "Mzee alinifunza ukweli," alisema. "Kulikuwa na msichana tulifanya naye kazi. Iko na akili sana, rwose, lakini alikuwa anaandika vitu bila shahidi. Mzee hakumtukana. Alifunga daftari tu. Siku ile nikajua sayansi ni nini." Watu wakaguna kwa kukubali. Mama mmoja kando yangu akanong'ona, "Yewe, watoto wa siku hizi." Nilikuwa na miaka arobaini na minne, mwalimu wa biolojia mwenye mvi mbili tatu, na msichana aliyekuwa anasemwa ni mimi.

Basi nitausema mwaka ule, maana naona umeanza kusemwa na watu wasiohusika. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimetoka Tanzania nilikokulia, nina cheti cha chuo na viatu jozi mbili. Daktari Anselme alikuwa na mradi mdogo wa mimea: ofisi ya chumba kimoja na nusu Kacyiru, na shamba la majaribio Ndera. Alituajiri wasichana wawili kwa mkataba wa mwaka mmoja. Tangu siku ya kwanza alituambia bila kuzunguka kwamba kuna nafasi moja ya kwenda kusoma ng'ambo, na atampendekeza atakayemletea kazi inayosimama. Moja tu. Mtu mwenye busara angejua hapo hapo kwamba mwenzake ni mshindani. Mimi nilimwona Beata amekaa na begi lake miguuni, hana pa kulala, nikamwambia twende kwangu.

Kwangu palikuwa Gikondo, chumba cha nyuma ya gereji, chenye dirisha lililotazama ukuta na magurudumu mabovu. Asubuhi tuliamshwa na nyundo za mafundi, jioni nguo zetu zilinuka rangi ya magari. Kitanda kilikuwa kimoja, chake kilikuwa godoro chini, mpaka alipopata homa ya wiki moja, nikampisha kitandani na sikukirudia tena. Tulipika maharage Jumapili ya kutosha siku tatu, tukala na ndizi za kupika, na siku ya nne tukala mandazi kwa chai ya maziwa yenye tangawizi. Beata alikulia Uganda, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani. Alikuwa akiniambia, "Sha Konso, wewe unaongea kama redio," nami namwambia yeye anaongea kama redio iliyoanguka. Tulicheka sana katika chumba kile. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hasira yangu isingekuwa na maana kama tusingecheka.

Mmea wenyewe ni ndugu wa isagara, ile ambayo wakongwe huchimba mizizi yake wakaisaga na samli kutibu mabaka ya ngozi. Huu wetu una maua madogo ya waridi yenye ncha tano. Ukiyapasua kwa wembe utaona jambo la ajabu. Katika miche mingine shingo ya kike, inayopokea chavua, ni ndefu na hutokeza nje, na vifuko vya kiume vya chavua vimejificha chini. Katika miche mingine ni kinyume chake. Kipepeo akinywa kwa huyu anabeba chavua mahali panapomfaa yule, kwa hiyo kila mmoja anamhitaji mwenziwe wa namna nyingine. Peke yake hazai. Mwezi wa pili wa kazi yangu, kwenye mteremko wa Ndera chini ya mikaratusi, karibu na nyumba mpya zilizokuwa zinajengwa, niliona kundi la miche ambayo maua yake yalikuwa madogo kuliko kawaida, yamepauka, hayana harufu. Nikapasua moja. Kike na kiume vilikuwa kimo kimoja, vimegusana. Nikapasua la pili, la tano, la ishirini. Nilikaa chini kwenye majani nikiwa peke yangu, maana nilielewa kwamba huenda ninatazama mmea uliojifunza kuzaa bila mtu.

Daktari alinikemea kwa neno hilo. Ilikuwa Jumapili nyumbani kwake, mkewe Mama Solange ametupakulia ubugari, maharage na isombe ya majani ya muhogo, na mimi naeleza kwa mikono yote miwili. "Bon," alisema, "wewe unasema mmea imejifunza. Mmea haijifunzi kitu, mwana wanjye. Mbegu moja inaanguka mahali mbali, hakuna mwenzake. Ile ya kungoja inangoja mpaka inakufa bila mtoto. Ile yenye kasoro, ya kugusana ndani, hiyo inazaa. Kesho mteremko yote ni ya watoto wake. Voilà." Akachota maharage kwa kijiko akayainua. "Hata hii. Haragwe iliacha kungoja nyuki zamani sana." Nikamuuliza kwa nini basi mimea yote isifanye hivyo, maana ni salama. Akatafuna kwanza. Akasema usalama una gharama. Ua likishaacha kumwita kipepeo linapunguza urembo, linapunguza harufu, na kurudi nyuma ni vigumu. Watoto wa kwanza wengi hutoka dhaifu, kwa sababu ubaya wote uliojificha katika ukoo unakutana na nafsi yake. Watakaopona watapona, lakini wote ni sura moja, na ugonjwa ukija unawafagia pamoja. Mama Solange akasema mezani kwake watu wale kwanza, wafagiwe baadaye. Nilimpenda mama yule kama nilivyompenda mumewe.

Ili kuthibitisha ilibidi tuyafunge matumba ya maua kabla hayajafunguka, mdudu asiingie, kisha tungoje tuone kama mbegu zitatunga. Karatasi iliozeshwa na mvua, nayo mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku. Bwana Shabani, fundi wa Nyamirambo aliyeshona nguo za harusi, alitupa mabaki ya shela za maharusi, kitambaa chenye matundu madogo kinachopitisha hewa, akatushonea vifuko mia moja na hamsini vya ukubwa wa kidole gumba. "Dada zangu," alisema akikata uzi kwa meno, "bibi harusi nimevisha wengi. Lakini hawa wenu, bwana harusi ni nani?" Nikamwambia ni wao wenyewe. Akastaghfiru, akacheka, akakataa malipo ya mshono. Kwa hiyo mteremko wa Ndera ukajaa bibi harusi wadogo, kila mmoja amefungwa uzi mwekundu kwenye kikonyo. Vijana wa ujenzi walipita wakiimba nyimbo za harusi kwa kebehi.

Daktari alikuwa na sheria moja aliyoiita jicho la pili. Kila Alhamisi alasiri ilikuwa lazima mwenzako aje atazame vifuko vyako kimoja kimoja, aone fundo halijafunguliwa, kisha asaini daftari lako. Bila saini ile, kazi yako ni hadithi. Mimi nilikuwa jicho la pili la mteremko wa Beata upande wa pili wa bonde, penye miche ya kawaida, naye alikuwa langu. Kwa wiki tatu alikuja. Alhamisi ya nne alinishika mkono njiani akaniambia ana mtu wake amelazwa hospitali ya magonjwa ya akili pale pale Ndera, na saa ya kumwona ni Alhamisi alasiri. Mtu yule ni nani wake sitasema hata leo. Alilia akaniapisha. Watu wakijua, alisema, watauliza na yeye kichwa chake kikoje, na nafasi ataisahau. Nikamwambia nenda, mgonjwa kwanza. Jioni nilirudi Gikondo na daftari, nikaliweka kitandani kati ya sahani za maharage, nikampa kalamu. Mimi mwenyewe nilimpa. Alisaini, akasema, "Mungu atakulipa, Konso." Tulifanya hivyo Alhamisi kumi na moja. Sikuona kosa. Mafundo niliyafunga mimi, nilijua hayajaguswa, na saini niliiona kama adabu ya ofisi, kama kupiga mhuri. Mwalimu niliye leo ningemfukuza darasani mtu anayefikiri hivyo. Lakini ningemwuliza kwanza alikuwa anamfichia nani.

Mbegu zilitunga. Zilitunga karibu kila mahali! Nilifungua vifuko na kukuta vidonge vya kijani vimevimba, wakati upande wa Beata chini ya shela hapakuwa na kitu, maua yamenyauka bure. Nilimwita, tukakumbatiana katikati ya mteremko mpaka mfuko mmoja wa koti lake ukapasuka mkononi mwangu. Alifurahi, au nilidhani alifurahi. Nimeurudia uso ule mara nyingi na sijaweza kuuamua.

Mwisho wa mwaka alikuja mgeni wa Daktari, mtaalamu mwenzake kutoka nje, akazipitia karatasi zangu na kusema maneno mawili ya Kifaransa niliyoyaelewa bila kukijua Kifaransa vizuri: nzuri mno. Akataka kujua jicho la pili ni la nani. Daktari akamwita Beata ndani. Mimi nilikuwa kwenye nusu chumba, natia chai kwenye vikombe vya mgeni, na kati yetu palikuwa na ubao mwembamba tu.

"Beata, vifuko ya Konsolata uliziona?"

"Hapana, Daktari."

"Hata mara moja?"

"Mwanzo tu. Halafu alikuwa ananiletea daftari nyumbani, nasaini."

Nilisimama na birika mkononi. Mpaka hapo alikuwa amesema kweli tupu, na nikamsubiri amalizie, aseme alikuwa wapi. Nilikuwa tayari kuingia kumsaidia kusema.

"Kwa nini ulisaini?"

Sauti yake ilitoka ndogo, ya mtoto: "Nilikuwa namwogopa. Yeye ni mkubwa kwangu. Na ile nyumba ni yake."

Mtu akikuibia kitu unajua kilipokuwa. Yeye aliniibia ule mwaka wote tulioishi, akaurudisha ukiwa mwaka mwingine, ambao mimi nilikuwa mtu wa kuogopwa katika chumba nilichompa kitanda. Niliitwa ndani. Daktari aliniuliza kama ni kweli nilipeleka daftari nyumbani, nikasema ni kweli. Akaniuliza kwa nini Beata hakufika shambani. Nilimtazama Beata. Alikuwa anatazama viatu vyake, na viatu vile vilikuwa vyangu, jozi yangu ya pili. Nilikuwa nimeapa. Nikasema, "Muulize yeye mwenyewe." Sijui kwa nini nilidhani atamwuliza. Alifunga daftari, akavua miwani, akasema, "Ihangane, mwana wanjye," yaani pole, vumilia, mwanangu, na mgeni akaomba sukari.

Beata alihama Gikondo siku ile ile nikiwa bado Kacyiru. Alifua mashuka, akayakunja, akayaacha kitandani. Mwezi uliofuata alisafiri. Mimi sikuweza kuiandika kazi yangu popote, maana haikuwa na shahidi, na mteremko ule mwaka uliofuata ulichongwa kujengwa nyumba. Nikaingia ualimu. Kwa miaka niliishi kwa namna ambayo mwanafunzi yeyote wangu angeitambua: sikumngoja mtu, sikujipamba kwa ajili ya mtu, mahitaji yangu niliyakidhi mwenyewe. Sipendi watu wanaotafuta mafunzo ya maisha kwenye majani. Ila najua kwamba nilipokataa posa ya mwalimu mwenzangu, mtu mwema, nilimwambia nimezoea, na yeye akaniuliza, "Umezoea nini?"

Daktari Anselme sikumkasirikia. Hili ndilo ninalotaka lieleweke. Niliona naye amedanganywa kama mimi nilivyodanganywa, na kwa sheria yake hakuwa na njia nyingine. Baada ya mwaka hivi alikuja shuleni kwangu na sanduku la vitabu na darubini kuukuu. Kisha akaanza kunialika tena Jumapili. Nilikwenda miaka kumi na mitano. Tuliongea maharage, mahindi, siasa za wizara, magoti yake. Nilimsahihishia mitihani. Alipougua nilimsomea magazeti. Juu ya Ndera hatukusema kitu, na mimi nilichukua ukimya ule kuwa ni haya ya mzee asiyejua amwombe nani msamaha. Nilimsamehe pasipo kuombwa, nikajisifu kidogo moyoni kwa hilo.

Beata alipomaliza hotuba yake pale ukumbini alishuka, akaja moja kwa moja safu ya nne, akavuta kiti. Kwa karibu alikuwa amezeeka kuliko mimi, na hilo lilinifurahisha, Mungu anisamehe. Nikamwambia hotuba yake ilikuwa nzuri, imekosa hospitali tu. Akashika kiti changu kwa mkono.

"Konso, nilimwambia."

"Ulimwambia nani?"

"Mzee. Mwaka wa kwanza nikiwa kule. Nilishindwa kulala, nikamwandikia barua, kila kitu. Hospitali, kiapo, kila kitu. Nilimwomba akuite."

"Akasema nini?"

"Akajibu alikuwa anajua tayari. Zile mbegu zako hakutupa. Alizipanda kwenye vyungu, nyuma ya nyumba yake, alifunika maua mwenyewe. Alisema zimetoka vile ulisema. Lakini jina yangu ilishaenda, mgeni alishaandika ripoti, na mradi ilikuwa mbichi. Alisema tukifungua hiyo daftari tutaanguka wote. Alisema nisome kwa bidii, kwa ajili yako pia." Alianza kulia. "Mimi nikaogopa tena. Leo nilisema ile kitu ya ukweli sababu mke wake alitaka mfano, na mimi mfano nyingine sina."

Beata nilikuwa nimeshamchukia miaka kumi na saba, chuki ile ilikuwa na njia yake, inajua kwenda na kurudi. Hii mpya haikuwa na njia. Nilikuwa natafuta Jumapili moja, moja tu kati ya zote zile, ambayo mzee yule alifungua kinywa akakaribia kusema, na sikuipata. Nilimwona anamenya chungwa. Nilimwona ananiuliza kama wanafunzi wangu wameelewa habari za uchavushaji. Aliniuliza hivyo! Na mimi nikamweleza, kwa mikono yote miwili.

Hapo mwenye kipaza sauti akatangaza kwamba sasa tumsikie Mwalimu Konsolata, ambaye marehemu alimpenda kama binti yake. Watu wakageuka na nyuso laini. Nilitembea mpaka mbele. Mama Solange alikuwa kwenye kiti cha kwanza, amejifunga mushanana, shuka nyeupe ya begani, ananitikisia kichwa kunipa moyo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya shukrani, yako kwenye mkoba, yameandikwa vizuri. Nikasema, "Msichana mliyesimuliwa hapa, aliyeandika bila shahidi, ni mimi. Nilikosea kupeleka daftari nyumbani. Lakini mbegu zilikuwa za kweli. Na marehemu alijua kwamba ni za kweli, akakaa nami mezani miaka yote akijua."

Chupa ilianguka nyuma, ikabiringika. Mwenye kipaza sauti alinyoosha mkono akichukue, na nadhani angeanzisha wimbo, ndivyo wanavyofanya, lakini Mama Solange alisimama. Alinijia polepole, akanishika kiwiko, na hakusubiri kipaza sauti kiondoke.

"Ni kweli," alisema, kwa ukumbi wote. Kisha kwangu, chini zaidi, ingawa bado alisikika: "Ile miche nilikuwa namwagilia mimi, mwana wanjye. Kila asubuhi. Aliniambia nisikwambie, na wewe ulikuwa unakuja, unakula, unafurahi. Nikasema basi."

Ningeweza kumuuliza kwa nini. Ningeweza kuutoa mkono wake kwenye kiwiko changu. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukiuliza jambo la pekee nililokuwa nimelitaka tangu nikiwa na miaka ishirini na saba.

"Mama, zilizaa?"

"Zote," alisema. "Hakuna hata moja iliyokataa."

Nikamshukuru. Nikarudi safu ya nne, nikachukua mkoba wangu, na nilipofika nje nililia kwa sauti, mbele ya madereva wa pikipiki. Sikuwa nikimlilia marehemu.